Mgongo Wangu na Miguu ya Mama

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mama yangu alikuwa amepita themanini, na aliyepiga magoti siku ile alikuwa yeye. Naanzia hapo kwa sababu hasira yote ilitokea hapo.

Sisi ni Wasabato. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wetu. Mnakaa wawili wawili. Mmoja anaketi, mwenzake anapiga magoti mbele ya beseni, anamwosha, anamkausha kwa taulo, halafu mnabadilishana. Mimi niliolewa Nyamache, lakini nikipata nafasi hurudi Birongo siku hiyo, kwenye kanisa nililokulia, ili nioshane miguu na mama. Wanawake tunatumia chumba cha watoto, chenye madawati mafupi na picha za wanyama wakiingia safina. Nimeiosha miguu ya mama katika chumba hicho mara nyingi, na wala sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kushukuriwa.

Siku ile nilipotaka kushuka, mgongo ulikataa. Ulinikamata kule chini, karibu na makalio, nikabaki nusu njia nimeng'ang'ania dawati, jasho jembamba likinitoka. "Nitaweza," nikasema. Sikuweza. Mama aliniangalia kidogo, akainuka, akanikalisha pale alipokuwa ameketi, kisha akashuka yeye. Bibi kizee wa miaka themanini na kitu! Aliniosha miguu yote miwili bila haraka, akanikausha mpaka katikati ya vidole. Zamu yangu ilipofika nilikaa tu na mikono yangu. "Basi, yatosha," akasema. Wanawake wengine wote waliona, na wote wakajifanya wanatafuta taulo zao.

Nilirudi nyumbani nikilia, na yalikuwa machozi ya hasira. Nilijiambia hivi: miezi mitatu ijayo nitapiga magoti mbele ya mama, nimwoshe, niinuke mwenyewe. Hakuna aliyejua mama amebakiza Meza ya Bwana ngapi. Sikutaka ile iwe ya mwisho, na mimi nimekalishwa kama mgonjwa.

Lazima nikiri kwamba mgongo wenyewe niliuharibu kwa ukaidi wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kabla ya shule na baada ya shule ni mkulima wa majani chai kama majirani zangu wote. Katika kituo chetu cha kupimia majani nina sifa moja tu: sipendi kushindwa. Mtu akipima kilo ishirini, mimi nataka ishirini na moja. Jioni moja, mwaka mmoja na zaidi kabla ya hayo yote, foleni ilikuwa ndefu na sikutaka kungoja mtu wa kunisaidia. Niliinua gunia peke yangu, nikajizungusha nalo kiunoni kuelekea kwenye mzani. Nikasikia kitu kimetekenya, kisha kikachoma. Majani yalipimwa, na nilimshinda jirani yangu kwa kilo mbili. Tangu siku hiyo sikuinama tena kama binadamu, na Birongo sikupata nafasi ya kwenda kuoshana hadi siku ile ya aibu.

Nilijaribu kila kitu. Nilimeza vidonge, nikapaka dawa za kuchua hadi watoto darasani wakawa wanajua nimefika kabla hawajaniona. Mume wangu aliweka ubao chini ya godoro. Ushauri wa kila mtu ulikuwa mmoja: lala, pumzika. Nilipumzika mpaka nikawa mgumu kama ule ubao.

Wiki mbili baada ya aibu ile ya Birongo, nilikwenda Kisii mjini kununua kitambaa cha sare za kwaya. Duka ninalonunua ni la mama mmoja wa Kiislamu, amenizidi miaka michache, mcheshi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Babu yake ndiye aliyefika Kisii akafungua biashara, na yeye amezaliwa hapo hapo mjini, anapiga Ekegusii, lugha yetu Wakisii, kunishinda mimi akitaka kuwanyamazisha wateja wabishi. Alinikaribisha kwenye kigoda, tukazungumza bei. Nilipotaka kusimama, nilishika meza, nikasita, nikashika ukuta, nikasita tena.

"Mwalimu," akasema, "wewe siku hizi unasimama kwa awamu?"

Nikacheka kwa kulazimisha. "Ni mgongo."

"Najua ni mgongo. Mimi wangu ulinikalisha mwaka mzima naswali juu ya kiti. Sijdah naifanya kwa kichwa tu, hivi," akainamisha kidevu. "Na hizi marobota nani atabeba? Sasa niangalie."

Hapo hapo, katikati ya duka, na buibui lake, akashuka magoti, akaweka viganja chini, paji la uso likagusa zulia, akarudi, akasimama. Bila kushika kitu! Nilipiga makofi. Nilitaka kumkumbatia. Nilichokuwa nimekiona ndicho hasa nilichokuwa nakitaka mimi: kushuka na kuinuka.

"Umefanya nini? Niambie. Dawa gani?"

Akavuta pazia nyuma ya majora ya vitambaa. Palikuwa na nafasi ndogo, na mkeka mwembamba umetandikwa. "Yoga," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kwetu neno hilo halikuwa na sifa nzuri. Nilikuwa nimesikia mahubiri zaidi ya moja kwamba ni ibada za miungu wengine, kwamba ukifumba macho na kutulia unafungulia mapepo mlango. Mwenye duka alinisoma usoni.

"Mimi ni Mwislamu na wewe ni Msabato," akasema. "Hapa hakuna mtu anaabudu kitu. Mimi navuta pumzi, nanyoosha mgongo, basi. Ukitaka ukiwa chini omba Mungu wako, mimi niko na wangu. Lakini sikuguzi kama hujaonwa na daktari. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza."

"Kwani wewe umekuwa nani?" nikauliza, maana mimi sipendi kuwekewa sheria.

"Mimi ni mtu alifundishwa na wa hospitali, halafu akafundishwa na mwalimu wa kweli, miezi na miezi. Si ati niliona kwa simu. Kuna migongo ya kunyooshwa na kuna migongo ya kupelekwa mbio kwa upasuaji. Wewe unajua yako ni gani?"

Sikujua. Nikaenda hospitali.

Kijana aliyenipokea katika chumba cha mazoezi ya viungo aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mwanamume. Je, miguu inakufa ganzi? Mahali unapokalia, je, hapahisi? Mkojo unakutoka wenyewe, au unakataa kutoka? Umepungua uzito? Usiku unapata homa? Nilijibu hapana, hapana, hapana. Akanitembeza kwa visigino, akanitembeza kwa vidole, akagonga magoti yangu kwa kinyundo. Mwisho akasema hakuona dalili ya mshipa uliobanwa. Misuli ilikuwa imekakamaa na imekuwa dhaifu kwa kuogopa kutumika. Nifanye mazoezi, taratibu. Nisiiname mbele na miguu imenyooka, nisijizungushe nikiwa na mzigo, na nikiona ganzi au mkojo unanishinda, nisingoje kesho. Nilitoka mle nimeshika karatasi yangu ya kliniki juu juu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mume wangu ni shemasi. Nilimweleza jioni hiyo nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akaniuliza, "Utakuwa unasema maneno gani huko chini?" Nikamwambia nitakuwa nasema Zaburi ninazozijua. Akasema, "Basi sema ile ndefu."

Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, ndio ukawa wakati wetu. Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitafundishwa kuweka mguu shingoni. Mwenye duka akanilaza chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, akaniambia nipumue. Ndivyo hivyo tu. Nipumue tumbo lipande, nipumue lishuke. Dakika kumi nzima! Nilitaka kumwambia kwamba kupumua nimekuwa nikipumua tangu nizaliwe. Halafu, sijui ni pumzi ya ngapi, nikahisi kule chini kumelegea kidogo, sehemu ambayo ilikuwa imekunja ngumi mwaka mzima. Macho yalinitoka.

"Eeh," akasema juu yangu. "Sasa tumeanza."

Tukaendelea wiki baada ya wiki. Kusukuma kiuno sakafuni na kukiachilia. Kuinua makalio kidogo, nyayo zikiwa chini, kama daraja fupi. Kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Na lile nililolipenda kuliko yote, la paka na ng'ombe: uko kwa magoti na viganja, unapandisha mgongo kama paka anayeamka, kisha unaulegeza uteremke. Akinifundisha, alikuwa anarudia maneno yale yale mpaka nikawa nayasikia usingizini. Usibane pumzi. Usijipinde ghafla. Maumivu yakiteremka mguuni, acha. Yakipanda na kujikusanya pale kiunoni, uko njia nzuri. Na kuinuka: geuka ubavu kwanza, kunja magoti, sukuma sakafu kwa mikono, keti, ndipo usimame.

Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilivaa viatu vya kamba peke yangu, nikaenda kumwonyesha mume wangu. Darasani niliokota chaki, nikaiangusha, nikaiokota tena, watoto wakashangaa. Kila Jumapili nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa lile duka.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Meza ya Bwana ifike. Nilikuwa naweza kushuka goti moja nikishika kiti, lakini kuinuka bado kulinitoa jasho. Mwenye duka alisema dakika ishirini kwa siku zinatosha. Mimi akili yangu ni ya kituo cha majani chai. Nikapiga hesabu: kama dakika ishirini zimenifikisha hapa, saa mbili zitanifikisha wapi? Tena nilikuwa nimeona simuni mwanamke ameinama miguu imenyooka hadi paji la uso limegusa magoti. Nikasema, kama nikiweza hilo, beseni ni nini?

Nyumbani kulikuwa na watu, kwa hiyo nikaenda katikati ya migomba yangu, mahali ambapo hapaonekani kutoka njiani. Nilitandika turubai la kuanikia mahindi. Nilikuwa nimevaa suruali ya kubana aliyoiacha binti yangu alipoolewa Nyamira, na fulana, na kichwani kitambaa. Mchungaji angeniona, angefunga kwa maombi. Nikapasha mwili kwa paka na ng'ombe mara mia. Mia, nilihesabu. Kisha nikasimama, nikanyoosha magoti, nikainama mbele. Mikono ilifika kwenye muundi. Nikajisukuma. Ikafika kwenye kifundo. Nikajisukuma tena, nimebana pumzi, na kule chini kukasema "ta!"

Nilianguka kwa magoti na viganja, makalio juu, na hapo nikaganda. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nikifikiria tu kuinua mkono mmoja, kiuno kinapiga kelele.

Ndipo nikasikia jembe likigonga jiwe.

Lazima nieleze kuhusu ensoni, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Ni aibu na heshima kwa pamoja, na inamtenga mtu na wakwe zake. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, hanishiki mkono. Haingii chumba ninacholala. Haketi mahali ninapoketi. Mimi naye tunasalimiana kwa umbali, kwa macho yaliyoteremshwa, na miaka yote sita ya ndoa yao hajawahi kuniona hata kichwa wazi. Sasa, mwezi uliopita nilikuwa nimemwambia binti yangu kwamba siku yoyote wakitaka miche ya ndizi waje wachimbe tu. Siku yoyote ilikuwa imefika. Alitokea katikati ya migomba na jembe begani, akanikuta mama mkwe wake na suruali ya kubana, kwa magoti na viganja, nimemwelekezea yale niliyomwelekezea.

Nikasikia hatua zikigeuka.

"Mama," akasema kwa Ekegusii, sauti ikielekea upande mwingine kabisa, "ni mimi. Sijaona kitu."

"Usigeuke!"

"Sigeuki."

"Umegeuka?"

"Mama, naangalia Nyamira."

Nilitaka ardhi ifunguke. Hata sasa ninapoandika masikio yananiwaka moto. Akauliza, bado amenipa mgongo, kama nimeanguka. Nikamwambia nafanya mazoezi. "Yameisha?" akauliza. Nikamwambia yameisha ila mimi ndiye nimebaki.

Hapo kijana wa watu akawa na shida kubwa kuliko yangu. Kunishika hawezi. Kuniacha hawezi. Akasema aite watu, nikamkatalia kwa ukali. Watu wa nini, waje kuona nini? Akavua koti lake, akalirusha nyuma juu ya bega bila kuangalia. Likaangukia mgomba. Akaliendea kinyumenyume kama anayetoka mbele ya mfalme, akarusha tena, na mara hii likanifunika kichwa. "Limefika?" "Limefika." Nilianza kucheka chini ya lile koti, na kucheka kulikuwa kunaniumiza vibaya sana, na sikuweza kuacha.

Kicheko ndicho kilichonirudishia akili. Nikakumbuka: pumua kwanza. Nikamwambia, "Hesabu kumi, polepole, kwa sauti." Hakuuliza kwa nini. Akasimama pale ametazama Nyamira, akahesabu: emo, ibere, isato. Kila hesabu mimi nikatoa pumzi moja. Kwenye kumi ya pili niliweza kushusha makalio. Kwenye kumi ya tatu nilijilaza ubavu, magoti yamekunjwa, na ile ngumi ikaanza kufunguka. Niliangalia kama maumivu yanateremka mguuni, hayakuteremka. Nilisikiliza kama kuna ganzi, hapakuwa. Nikasukuma turubai kwa mikono, nikaketi, nikafunga koti lake kiunoni, nikasimama. Alinyoosha mpini wa jembe nyuma yake niushike, nami nikaushika, na tukatoka kwenye migomba hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, hakuna aliyemgusa mwenzake.

Alirudi akachimba miche yake, akaondoka bila kunywa chai. Wiki hiyo hiyo binti yangu alikuja na mkeka mpya wa mazoezi, wa rangi ya buluu, umekunjwa vizuri. "Amesema ni wa mama," akaniambia. "Na amesema asiulizwe swali lolote."

Jumapili iliyofuata mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka hadi akaegemea majora, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha uso ukabadilika.

"Mwalimu, hapa hatupimi kilo," akasema. "Nilikwambia usiiname na miguu imenyooka. Daktari alikwambia. Unataka nini hasa wewe?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimemwambia mgongo, sikumwambia mama. Basi nikamwambia: beseni, dawati, mama akishuka, mikono yangu imekaa bure. Nilipofika pale mama aliposema "Basi, yatosha," niliyarudia maneno hayo mara mbili. Nilimwambia wazi kwamba naogopa mama atakufa na deni hilo niwe nalo mimi.

Hakusema pole. Alikwenda nyuma ya duka, akarudi na beseni la plastiki, birika la maji na taulo. Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Kumbe kugusa vidole vyako vya miguu kumetoka wapi? Wewe unataka kugusa miguu ya mama yako. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Njoo."

Tulifanya mazoezi ya kuosha miguu kwa Jumapili mbili. Akanifundisha kukunja leso iwe nene na kuiweka chini ya goti. Kusogeza beseni karibu sana, lisiniite mbele. Kushuka goti moja kisha la pili, mkono ukiwa juu ya benchi, mgongo mrefu, nikikunjika kwenye nyonga na si kiunoni. Kukalia visigino huku nimeweka mto mdogo katikati. Kuvuta pumzi nikishuka, kuitoa nikiinuka. "Miguu yangu huoshwa mara tano kwa siku," akasema, nami nikimkausha visigino, "leo umeniongezea ya sita." Mteja mmoja aliingia akatukuta hivyo, akasimama mlangoni akiwa hajui arudi au aingie. Tulimuuzia mita tatu za kitambaa, na mimi nikiwa bado kwa magoti.

Sabato ikafika. Sikulala vizuri, lakini nilikuwa na furaha tu, moyo unaruka ruka. Asubuhi nilifanya dakika zangu ishirini, ishirini kamili, sikuongeza hata moja. Birongo nilimkuta mama ameshaketi kanisani na gauni lake jeupe. Hubiri silikumbuki. Tulipoambiwa tutoke kwenda kuoshana, nilimshika mama mkono, tukaingia chumba cha watoto, na nikaona wanawake wananitazama kisha wanatazama pembeni. Mama akaanza kunionyesha dawati niketi.

"Keti wewe," nikamwambia.

Akaketi. Nikakunja leso yangu. Nikasogeza beseni. Mkono juu ya dawati, pumzi ndani, goti moja. Goti la pili. Nilikuwa chini! Nilikuwa chini na hakuna kilichochoma. Nilitaka kupiga kelele, nikajikaza kwa sababu ilikuwa Meza ya Bwana. Nilichukua mguu wa mama kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka, visigino vimepasuka, kidole gumba kimepinda kwa sababu ya viatu vya kuazimwa vya ujana wake. Nilimwagia maji ya vuguvugu. Niliuosha polepole, nikaukausha hadi katikati ya vidole, nikachukua wa pili. Sikuwa na haraka ya kushinda mtu. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kitambaa changu cha kichwa.

Nilipomaliza nilitoa pumzi, nikasukuma, nikasimama. Mwenyewe. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja na sikuona haya hata kidogo. Nikaketi kando yake kwenye dawati, nikavua viatu vyangu, maana ilikuwa zamu ya mama.

Mama hakusimama.

Nikadhani anapumzika. Nikangoja. Wengine walikuwa wamebadilishana, maji yanamiminwa, nyimbo zinaanza. Mama alikuwa anaangalia beseni.

"Siwezi," akasema kwa sauti ndogo.

"Mama?"

"Tangu siku ile nilipokuinamia. Sikuweza kutoka kitandani siku nne. Nilimwambia mke wa ndugu yako asikwambie." Alisema kana kwamba anatubu. "Naweza kutembea. Kushuka, hapana. Nilidhani leo ungekaa tu, nami ningesema nimechoka, tusioshane."

Miezi mitatu nilikuwa nimeuguza aibu yangu kama mtoto mchanga, na yeye alikuwa amelala Birongo na maumivu yangu mwilini mwake, akinificha. Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwomba msamaha mbele ya chumba kizima. Mama naye alikuwa na uso ule ule niliokuwa nao mimi mara iliyopita, uso wa mtu aliyekaa na mikono yake.

Nikainama kwa magoti, mgongo mrefu, nikainua beseni kutoka sakafuni. Nikaliweka juu ya dawati, katikati yetu. Nikageuka nikaketi upande, nikaegemea ukuta uliokuwa na safina, nikakunja goti, nikapandisha mguu wangu wa kulia mpaka juu, nikautumbukiza ndani ya maji, mbele ya mikono ya mama. Mguu ambao miezi mitatu nyuma nisingeweza kuuvalisha soksi.

Mama aliutazama. Akatazama uso wangu. Kisha akakunja mikono ya gauni lake jeupe, akauchukua, akauosha, akamwaga maji kwenye kifundo kwa kiganja, mara tatu. Akavuta taulo, akaukausha, katikati ya kila kidole.

"Lete wa pili," akasema.